Bustani ya Tambuu, Bangkok

Lanham, Maryland
4 Novemba 2007

Mdogo wangu Tito,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama pilipili za huko Thailand zimeshakuvuruga tumbo, basi liwe limetulia. Mimi sijambo, ila baridi imeanza na vidole vinapasuka. Kazi ya kutunza wazee inaendelea. Mama nilimpigia Jumapili. Mguu bado unamsumbua, lakini sauti ni ileile ya kugombeza kuku. Ameniambia umeondoka Mahenge na mawe ya vito ya watu kwenye soksi, tena hukumuaga baba mdogo. Hilo la baba mdogo nakusamehe. La soksi sijui.

Nakuandikia kwa sababu kadi ya simu ya kupigia huko inakwisha kabla ya salamu kwisha, na salamu zetu unazijua zilivyo ndefu.

Marehemu Baba alitulea kwa sheria yake moja: usilale mahali usipojua kwa nini paliitwa hivyo. Watoto wa wenzetu walifundishwa kunawa mikono, sisi tulifundishwa kuuliza majina ya vijiji. Hapa nimeambulia kidogo. Lanham wananiambia ni jina la ukoo wa watu waliokuwa na mashamba zamani. Bowie, mji wa jirani, ni jina la gavana. Lakini Anacostia, mto unaopita mjini Washington, mzee mmoja ninayemwogesha alinieleza kwamba limetokana na jina la wenyeji wa kwanza, na maana yake ni kijiji cha wafanyabiashara. Nikakukumbuka wewe na soksi zako.

Jikoni kazini kwetu yuko mpishi Mthai, mama wa makamo anayeitwa Somjit. Nimemwomba maneno ya kukufaa, nawe yaandike hata kwenye kiganja. Kusalimia ni sawadii khrap. Hilo khrap ni adabu ya mwanamume, usiliache, bila hilo utaonekana umelelewa na mbuzi. Asante ni khop khun khrap. Bei gani ni thao rai. Ghali mno ni pheng pai. Halafu kuna mai pen rai, yaani hakuna neno, ambalo Somjit anasema litakuvusha hata ukimkanyaga mtu mguu.

La mwisho, na hapa sitanii. Pasipoti yako usimpe mtu. Hata mtu wa kwetu. Hasa mtu wa kwetu. Usiniulize kwa nini, wewe ivae shingoni kama rozari.

Barua zako zitume kwa jina la Kasoki, rafiki yangu Mkongo ninayekaa naye. Anwani iko nyuma ya bahasha.

Dada yako,
Genoveva


Chanthaburi, Thailand
2 Desemba 2007

Dada Geno,

Shikamoo. Barua yako imefika na nimeisoma mpaka imelegea. Mimi mzima. Tumbo lilivuruga kweli, lakini sasa nakula kama mwenyeji. Baba mdogo nitamletea shati, mwambie Mama aanze kumtuliza.

Naanza na kodi ya Baba, yaani jina la mahali. Chanthaburi maana yake ni mji wa mwezi. Buri ni mji, na chantha ni mwezi. Bangkok nayo wenyewe hawaiiti hivyo, wanaiita Krung Thep, mji wa malaika. Bangkok lilikuwa jina la kijiji cha zamani kando ya maji, wageni wakaling'ang'ania hadi leo. Baba angekaa hapa mwaka mzima bila kuuza jiwe hata moja.

Soko lao ni kinyume na la kwetu. Kwetu muuzaji anakaa, mnunuzi anazunguka. Huku mnunuzi anakodi meza na kukaa kama padre kwenye kitubio, sisi wenye mawe tunapita meza hadi meza tukifungua vikaratasi. Waafrika tumejaa, Waguinea, Wamadagaska, na Mkenya mmoja anaitwa Kipkemboi ambaye anapiga bei kwa Kithai safi. Siku ya kwanza nilimwambia mnunuzi pheng pai kwa sauti kubwa, watu wakacheka, maana muuzaji nilikuwa mimi.

Nimepokewa na kaka Method wa Ifakara. Ameniweka kwenye nyumba aliyopanga pamoja na vijana wengine wa kwetu. Ananilisha, ananitafsiria, hataki hata nimshukuru. Sasa usikasirike. Pasipoti ameishika yeye, pamoja na za wenzangu, ili atushughulikie viza zote kwa mpigo. Tulikuwa tumemaliza kula, akanyoosha mkono juu ya meza. Ningemwambiaje? Mtu kakupa kitanda chake, wewe umnyime kijitabu? Ingekuwa ni kumwita mwizi huku mdomo wako una chakula chake. Wewe mwenyewe ungefanyaje?

Na mbona barua zako zinapitia kwa huyo Kasoki? Mtu wa Marekani miaka yote hii huna sanduku lako la barua?

Mdogo wako,
Tito


Lanham
6 Januari 2008

Tito mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya. Sikukuu tumeila vizuri, Kasoki alipika sombe, ambayo ni kisamvu cha kwao, na mimi nikapika pilau iliyoshika chini. Mama amepata dawa ya mguu. Theluji imeanguka na kuyeyuka.

Tangu barua yako ifike moyo haujatulia. Umeniuliza mimi ningefanyaje. Ningefanya vilevile, na ndiyo maana naogopa. Mwenyeji akikunyooshea mkono baada ya kukulisha, mtu aliyelelewa na Mama yetu hana ubavu wa kukataa. Wanajua hivyo. Ndiyo maana hawaombi kabla ya chakula.

Nilimwambia Somjit anifundishe namna ya kudai pasipoti. Akanipa: kho nangsue doen thang khuen. Nangsue ni kitabu, doen thang ni kusafiri, khuen ni kurudisha. Nikaishika siku ileile. Akaniuliza ni ya kumwambia nani. Nikasema ni ya kumwambia Mtanzania mwenzake. Somjit alicheka mpaka akashika meza, akasema basi amwambie kwa lugha yao! Ya Kithai nimejifunza kwa dakika chache, ya Kiswahili ndiyo haitoki mdomoni.

Itoe. Nenda asubuhi kabla hujala chochote chake, umwambie: Kaka Method, naomba pasipoti yangu. Usitafute kisingizio, usiseme unakwenda benki, maana atasema atakusindikiza. Akinuna, anune. Nakuomba, Tito. Sijawahi kukuomba kitu tangu nije huku.

Genoveva


Bangkok
9 Machi 2008

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Samahani kwa kimya, kulikuwa na mambo ya kuhama. Samahani na kwa karatasi, upande wa pili ni wimbo wa kanisani.

Biashara imenileta Bangkok. Kodi ya Baba: mtaa huu unaitwa Suan Phlu. Suan ni bustani, phlu ni tambuu. Bustani ya tambuu. Tambuu zenyewe sijaziona, ila jina ni zuri, ukimwambia Mama atafurahi.

Tunakaa wengi, watu wa kila taifa, hivyo Kithai changu kimekua. Nang long, kaa chini. Khao theo, panga mstari. Ngiap, nyamaza. Kho nam, naomba maji. Khrap siiachi.

Joto ni kali. Method yuko safarini. Ukijibu, tuma kwa Masista, anwani nimeiandika chini, wao hupita hapa kila wiki. Mama mwambie nauza.

Tito


Lanham
30 Machi 2008

Tito,

Salamu nitaandika siku nyingine.

Nilimpelekea Somjit maneno yako mapya jikoni, kwa majivuno, nimwonyeshe mwanafunzi wake alivyoendelea. Nilipofika kwenye panga mstari aliweka upawa chini. Nilipomtajia mtaa, alifunga bomba la maji ili anisikie vizuri. Akasema maneno hayo mtalii hafundishwi. Akasema Suan Phlu kila Mthai anaijua, ndiko uhamiaji wanakowaweka wageni waliokamatwa.

Nilikwenda kukaa kwenye stoo ya mashuka. Mzee wangu mmoja alikuwa anabonyeza kengele na nilimsikia, lakini sikuweza kusimama.

Niambie kweli. Umekula? Umepigwa? Nani anajua? Usinifiche eti nitashtuka. Nimeshashtuka.

Genoveva


Bangkok
27 Aprili 2008

Dada Geno,

Shikamoo. Nisamehe. Unajua kwetu habari mbaya haimfuati mtu aliye peke yake ugenini, mpaka awepo wa kukaa naye. Nami sikujua kama huyo Kasoki ni mtu wa kukaa nawe siku kama hiyo.

Barua yako ya Januari ilinikuta Chanthaburi. Nilifanya ulivyosema. Niliamka kabla ya chai, nikamwendea Method, nikamwambia, "Shikamoo kaka." Akasema marahaba, umeamkaje, kaa unywe chai. Nikanywa. Keshokutwa yake alisema anakwenda Bangkok kuchukua viza zetu, akabeba na mawe yetu ili akatuuzie kwa bei nzuri. Simu yake haikushikwa tena. Tulisubiri mpaka tukaona aibu kutazamana.

Nikapanda basi kumfuata. Polisi walilisimamisha njiani wakataka pasipoti. Kwa hofu maneno yote yalipotea, likabaki moja, nikamwambia afande mai pen rai khrap, hakuna neno. Alinitazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

Sijapigwa. Tunakula wali na mchuzi wa maji. Chumba kimejaa, kulala ni kwa zamu, wengine wanasimama ili wenzao wajinyooshe. Jirani yangu ni Mrundi anaitwa Mahoro, tunaongea Kiswahili siku nzima. Anakohoa, na anakohoa akiwa ameelekea ukutani, kwa adabu, lakini chumba ni kimoja. Hicho kikohozi ndicho ninachokiogopa kuliko askari. Kimewachukua wengine kabla yetu.

Tiketi Masista wamesema itapatikana. Kinachokosekana ni karatasi ya kusafiria. Ubalozi wetu haupo Bangkok, na huku hawaamini kama mimi ni Mtanzania, wanadhani nimejitungia. Sista anasema ndugu wa damu akienda kwenye ubalozi wetu wowote na kitambulisho chake, akanitambua kwa maandishi, karatasi itatoka. Dada, wewe uko Washington. Ubalozi uko hapo hapo. Una pasipoti, una makaratasi. Ni kazi ya nusu saa.

Nakusubiri.
Tito


Lanham
8 Juni 2008

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za masiku. Hapa joto limeanza. Mama hajambo, nimemwambia unauza. Kasoki anakusalimu, na Somjit ametoa sadaka hekaluni kwa ajili yako.

Lile jambo nalishughulikia. Kazini wamenipangia zamu mbaya, gari la Kasoki liliharibika, halafu ofisi zilikuwa na sikukuu. Kunywa maji. Ulale umeelekea mlangoni, mbali na ukuta. Nalishughulikia.

Genoveva


Bangkok
29 Juni 2008

Dada,

Shikamoo. Mahoro wamemtoa jana kwa machela. Alinipa kandambili zake. Sasa mimi ndiye ninayelala kwenye nafasi yake, na asubuhi ya leo nimekohoa. Labda ni vumbi.

Gari, zamu, sikukuu. Nimesoma barua yako kwa wenzangu wanaojua Kiswahili na hakuna aliyenitazama usoni. Kama umechoka nami sema, nitamwomba mtu mwingine. Kama kuna kitu unaogopa, kitaje. Mimi nimeshakutajia changu.

Tito


Lanham
27 Julai 2008

Tito, mtoto wa mama yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Kaa vizuri kama pana nafasi, hii ni ndefu.

Sina pasipoti. Sina makaratasi. Mwaka 2001 nililetwa hapa na familia ya Mama Irene kumtunza mtoto wao na nyumba yao kule Bowie. Mama Irene alinipokea uwanja wa ndege kwa koti jipya, akanifunga vifungo mwenyewe, akanilisha, kisha akanyoosha mkono. Pasipoti akaifungia chumbani kwake. Sikuwa na siku ya kupumzika, na simu nilipiga akiwa amesimama pembeni. Nikitaka kuulizia pasipoti, naanza na shikamoo, na nikishasema shikamoo siwezi tena kuendelea. Wewe unajua. Umeinywa hiyo chai.

Kasoki nilimpata kanisani. Siku moja baada ya misa nilipanda gari lake badala ya lao. Tangu hapo naishi kwa jina la binamu yake, kazini na popote. Ndiyo maana ya sanduku la barua. Nyumbani mnasema Geno ni nesi, ana makaratasi, na mimi nimewaacha mseme. Ubalozini sijakanyaga kwa sababu Mama Irene anafahamiana na kila mtu, na kwa sababu mlangoni watauliza jina.

Barua yako ya kandambili ilifika siku ya Jumatano. Jumamosi nikamwambia Kasoki anishushe Bowie. Nilibonyeza kengele mara moja, nikarudi nyuma hatua. Mama Irene akafungua. Nilitegemea apige kelele. Akasema, "Ah, Geno. Umekuja wakati mzuri. Wageni wa Arlington wako njiani na wali haujatengwa." Tito, nilisema shikamoo. Nilisema shikamoo, nikavua viatu, nikaenda jikoni nikafunga aproni. Nikatenga wali, nikakaanga ndizi, nikaosha vyombo vya watu ambao sikuwaona nyuso. Jioni alinifungia chakula kwenye bakuli la plastiki akasema, karibu tena. Nikatoka nalo barabarani. Nililia mpaka Kasoki akasimamisha gari.

"Uliisema habari ya pasipoti?" akaniuliza.

"Sikuisema."

Alikasirika Kikongo, Kifaransa na Kiswahili. Akasema, "Kesho tunarudi na miye. Miye si mutoto wake. Miye hakunilishaka."

Kesho yake aliingia na viatu vyake mpaka katikati ya sebule. Mama Irene akamkaribisha chai. Kasoki akasema, "Aksanti mama, sisi hatukuye kunywa. Tumekuya juu ya paseporo ya uyu dada. Lete, twende." Irene, niliyemwacha mdogo, siku hizi msichana mrefu, akashuka ngazi akanikodolea macho. "Auntie Geno? Mom said you went back home." Miaka yote hiyo mtoto aliambiwa nimerudi kwetu, na mimi niko Lanham, mwendo wa dakika chache kwa gari.

Nafikiri ni hilo lililomshinda mama yake. Alipanda juu akarudi nayo. Ilishakwisha muda zamani, ila picha ni yangu, nina mashavu. Aliponipa hakuiachia upesi. Alisema, "Nilikuleta kwa mkono wangu, ukanitoroka. Nilitoa taarifa uhamiaji. Jina lako liko kwao. Popote utakapolitaja, umejikamatisha mwenyewe."

Sijui kama ni kweli. Kasoki anasema ni maneno ya kutisha mbwa. Lakini mimi ndiye ninayetishika.

Jumanne nilipanda treni ya New Carrollton kwenda mjini. Nilipita kituo changu makusudi, nikarudi, nikakipita tena. Ubalozini nilipokewa na kijana anaitwa Festus, mpole, ana kalamu nyekundu na nyeusi. Akauliza jina kamili. Nilitazama mlango, ulikuwa wazi, na nje palikuwa na jua. Nikafikiri juu ya kikohozi chako. Nikasema: Genoveva, binti wa marehemu Katekista Leonard, wa Mahenge. Akauliza ninakoishi. Nikamtajia nyumba na mtaa. Akauliza viza yangu ni ya aina gani, nikamwambia haipo. Akaacha kuandika kidogo, kisha akageukia maswali yako. Alama mwilini: kovu la kisu cha kumenyea muwa, goti la kushoto. Nilitia sahihi kwa jina langu na mkono haukulikumbuka, ikabidi nirudie.

Karatasi yako amesema wataituma kwa wenzao wanaoshughulika na Thailand. Habari yangu naijua: jina langu na nyumba yangu sasa viko mahali palipoandikwa. Gari geni likisimama mbele ya nyumba naacha ninachofanya. Kasoki amesema nihame, nimemwambia ngoja Tito atoke kwanza, asije akaniandikia nisipate.

Usikohoe, mdogo wangu.
Genoveva


Mahenge
14 Septemba 2008

Dada yangu Geno,

Shikamoo, na shikamoo tena. Nimefika nyumbani. Mama ameninyoa mwenyewe, anasema nimekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa. Baba mdogo hakupata shati. Hospitali wamenipima kifua mara mbili, wamesema ni safi, nitarudi Novemba kupimwa tena.

Siku ya kutoka, ofisa aliita majina, nikasikia la kwangu likisomwa na la Baba, na jina la kijiji, kwa matamshi yao. Nilibaki nimekaa, wakadhani sijaelewa, mmoja akanifafanulia kwa Kithai polepole. Nilielewa. Sista alinisindikiza hadi ndegeni. Nilimuuliza habari za Mahoro, akanishika mkono akasema alifariki wiki ileile waliyomtoa. Nilimwomba aandike kwao Burundi. Hakuna aliyejua ni kijiji gani. Miezi yote ile nilimwambia habari za Mahenge na sikumuuliza kwao panaitwaje. Baba angenichapa.

Dada, niliandika "nusu saa". Neno hilo linanichoma. Mama nimemweleza yangu yote. Yako sijaitaja, si yangu kuitaja. Lakini kila siku anauliza kwa nini sauti yako imeshuka, na mimi naangalia pembeni. Barua zangu mbili hujazijibu. Uko wapi? Andika hata salamu tupu.

Tito


Lanham
19 Oktoba 2008

Mdogo wangu Tito,

Tumsifu Yesu Kristo. Niko palepale, kwa Kasoki. Barua zako zilifika zote. Sikuzifungua kwa wakati, kwa kuwa siku hizi nikiona bahasha naziacha mezani mpaka Kasoki asome ya nani. Hii ya Mahenge niliijua kwa stempu. Nimeisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Mungu ampumzishe Mahoro. Somjit amefurahi mpaka ametia chumvi mara mbili kwenye supu ya wazee.

Hakuna aliyekuja kunichukua. Bado. Wiki iliyopita gari jeupe lilisimama nje muda mrefu, mwanamume ndani anaandika. Nilikaa kwenye ngazi na koti langu na viatu nimevaa. Kumbe ni fundi wa jirani. Nilicheka, lakini viatu sikuvivua mpaka usiku. Ndivyo ninavyoishi, sitakudanganya. Ubalozi wameniita nikachukue fomu za pasipoti mpya. Sijaenda. Naogopa kuwa nayo kama nilivyoogopa kutokuwa nayo, kwa sababu nikiwa nayo itabidi niamue.

Jana nimempigia Mama. Nilinunua kadi mbili ili isikatike. Nikamwambia kila kitu, koti, Bowie, vyombo, jina la watu ninalotumia kazini, miaka yote. Niliongea haraka bila kumpa nafasi. Nilipomaliza nilimsikia anafukuza kuku mlangoni. Kisha akauliza, "Sasa unakuja lini?"

Swali hilo ananiuliza kila mwaka, nami kila mwaka namjibu Krismasi ijayo, Mungu akipenda. Safari hii nikasema, "Sijui, Mama. Naogopa kuja, na naogopa kukaa."

Akasema, "Haya. Sasa ndiyo naongea na mwanangu."

Dada yako,
Genoveva